Kibulushi na Kimalayalam Chumba Kimoja

Vijana wangu wa chumba cha sauti, siku mliponiaga kwa keki na kadi yenye sahihi za watu ambao nusu yao siwajui, mlinisihi niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyote viwili vilikuwa vidogo na havina hadithi. Mashine nazo mnazijua kunishinda. Nitawaeleza nilivyoingia, nani alinifundisha, na siku moja ambayo mpaka leo, nikiwa nimekaa zangu hapa Thornton Heath namsikiliza jirani akitoboa ukuta, bado sijamaliza kuistaajabia.

Nilikuja London kutoka Tanga kumfuata mume. Nyumbani nilikuwa fundi mitambo wa studio ya redio, basi nikaomba kazi katika chuo kimoja cha katikati ya jiji kilichokuwa na rafu kwa rafu za tepu za lugha za dunia. Walitaka mtu wa kuzisafisha, kuziunga zilizokatika na kurekodi wasemaji wapya. Nikajua moja kwa moja nitapewa Kiswahili. Wapi! Kiswahili kilikuwa na wenyewe, tena wenye tai. Mimi nikapewa rafu mbili za pembeni, karibu na bomba la joto: Kibulushi na Kimalayalam.

Kibulushi nilikisikia kwa jina, maana Wabulushi tunao pwani yetu tangu enzi za masultani, Mombasa na Unguja, na wengine walishaingia bara wakaoa huko. Kimalayalam sikuwa nimekisikia hata kwa jina. Siku ya kwanza nikamkuta mama mfupi, sari ya pamba na sweta la mume juu yake, amekaa mbele ya mashine ya tepu kama mtu anayelinda chungu kisifurike. Huyo ndiye Bi Ammini, mzaliwa wa Thrissur, jimbo la Kerala, kule India ya kusini. Hakuniuliza cheti. Alinivika hedifoni akasema, "Sikiliza. Ukiandika nitakunyang'anya kalamu."

Nikasikiliza. Mwanamke wa kwao anaitaja mvua: *mazha*. Ile sauti ya katikati, jamani, si r, si l, si y. Ulimi unakunjwa nyuma kisha unakataa kugusa chochote. Nilijaribu mpaka mate yakanitoka. Bi Ammini akacheka, akabadilisha tepu. Sasa ni Mwislamu wa pwani ya kaskazini ya jimbo hilohilo, pwani ya Malabar, naye anaitaja mvua ileile: *maya*. Ulimi umechoka kukunjwa, umenyooka. Akabadilisha tena. Mbulushi wa pwani ya Makran anaomba maji: *aap*. Mbulushi wa milima ya mashariki anaomba maji yaleyale: *aaf*. "Umesikia?" akaniuliza. Nikamwambia nimesikia, na kwetu vilevile, macho ya Unguja ukiyafikisha Lamu yanakuwa mato. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi wewe utadumu hapa," akasema.

Mtu yeyote mwenye akili angeuliza: lugha hizi mbili zinalinganishwa kwa lipi? Hazina udugu hata wa kusingizia. Kibulushi ni binamu wa Kiajemi, Kimalayalam ni ndugu wa Kitamili. Swali lilikuwa la mkuu wetu wa idara: kitu gani hasa kinaigawa lugha kuwa lahaja, umbali au jirani? Akataka tuziweke bega kwa bega lugha mbili zinazotazama bahari moja, moja imetawanyika na nyingine imebanana. Mwenyewe aliondoka chuoni kabla ya jibu, kama wakubwa wanavyofanya, akatuachia swali.

Na swali lile, wanangu, lilinilisha mshangao miaka yote. Kibulushi kimetandazwa Pakistani, Irani, Afghanistani, kikavuka kwenda Omani, kikaja mpaka kwetu. Jangwa katikati, milima katikati, bahari katikati. Na bado unamchukua mtu wa magharibi kabisa, unamsikilizisha tepu ya mtu wa pwani, anakunja uso kidogo, halafu anatabasamu: "Huyu ni wetu, ila anavuta." Kimalayalam nacho kimekaa kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya milima na bahari, na humo ndani, kichochoro kimoja tu, baba mmoja ana majina matatu. Mhindu anamwita *achan*, Mwislamu *uppa*, Mkristo *appachan*. Wanauziana samaki kila asubuhi, wanaelewana vizuri sana, na kila mmoja akirudi ndani kwake anafunga mlango na neno lake. Mwenyezi Mungu ana kazi nyingi, lakini hapo aliamua kucheza.

Mambo ya ufundi nitasema machache. Chini ya maikrofoni wekeni kanga iliyokunjwa mara nne. Hakuna sponji ya dukani inayoshika mtikisiko wa meza kama kanga. Msirekodi wakati shule zinatoka, mabasi hupita yamejaa kelele hadi ghorofa ya nne. Na msimwombe mtu awasomee maneno mkadhani mmepata lahaja yake. Mtu akiona maikrofoni huvaa lugha ya Ijumaa. Nilikuwa na muuguzi mmoja wa Kasaragod, kaskazini kabisa ya Kerala, aliyenisomea Kimalayalam safi cha gazeti, hakina hata vumbi. Nikamwambia, "Mpigie mamako simu, mimi naenda kuchemsha chai." Niliporudi, sindano ya mashine ilikuwa inacheza ngoma, na kila *vellam*, yaani maji, imekuwa *bellam*. Alipojisikia kwenye tepu aliziba uso. Bi Ammini akamwambia, "Binti, usione haya. Hiyo uliyoisoma ni ya serikali. Hii ndiyo yako."

Bi Ammini alistaafu akarudi Thrissur kulima pilipili manga, nami nikabaki na rafu zote mbili. Tepu zikahamia kwenye kompyuta. Watu wakawa wanatupigia simu kutoka mahakamani, mashuleni, mahospitalini: tusaidieni, huyu mtu anasema lahaja gani, tumpate mkalimani gani. Nikawa nasikiliza dakika chache, nawaambia. Kazi hiyo niliipenda, nikiri, kwa majivuno kidogo.

Ndipo miezi michache kabla ya kustaafu akanijia Shahida. Mwanamke wa makamo, Mbulushi wa Mombasa, dereva wa basi, anakaa Ilford. Alikuja chuoni na sare yake ya kazi, akaketi bila kukaribishwa.

"Bi Mwanaidi, nisaidie. Babangu amepata kiharusi. Kiingereza kimemtoka. Kiswahili kimemtoka. Kilichobaki ni kile cha nyanyangu aliyemlea, Kibulushi, na mimi sikijui. Nyanya alikuwa akisema naye, sisi watoto twacheka. Sasa ndiyo malipo yake haya."

Babake aliitwa Mzee Dadkarim, akikaa peke yake Woolwich mpaka siku alipoanguka. Hospitali walitaka kuamua aende wapi akitoka pale. Kama ana akili zake na anaweza kusema anachotaka, ataamua mwenyewe. Kama hana, wataamua wao, na walikuwa wameshaelekea kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walimletea mkalimani wa simu mara mbili. Mzee aligeukia ukuta mara zote mbili, hakutoa hata neno.

"Wameandika kuwa haelewi," Shahida akasema. "Wallahi anaelewa. Namuona machoni. Mimi nataka nimchukue kwangu. Nyumba ya wazee! Hivi mtu wa Mombasa atasema amempeleka babake huko, aonekane mtu? Lakini lazima aseme mwenyewe. Lazima aongee."

Nikauliza mkalimani alikuwa wa wapi. Wa upande wa Afghanistani, akasema. Nikapiga meza. Jibu ndilo hilo! Wabulushi wa Mombasa asili yao ni pwani ya Makran. Kumletea lahaja ya magharibi, tena kwa simu, mgonjwa wa kiharusi, atashika nini? Nikamhakikishia kwamba nitamletea mtu wa pwani kabisa. Nilikuwa na uhakika kama mtu anayeona mlango wa nyumba yake.

Mtu huyo alikuwa Murad, mwenye duka la vitambaa hapohapo Ilford, mzaliwa wa Gwadar, aliyesajiliwa pia kama mkalimani. Sauti yake nilikuwa nayo kwenye rafu, pwani tupu. Siku ya mkutano tukaingia wodini sote: Shahida, Murad, mimi kwenye kiti cha pembeni, na daktari mwenyewe, Daktari Raihana, mwanamke kijana wa Kerala mwenye viatu vya kukimbilia. Mzee Dadkarim alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Mtu mrefu, ndevu zimechanwa vizuri, mkono mmoja umelala tu juu ya shuka.

Daktari akatoa salamu, mzee akaitika kwa kichwa. Kisha yakaanza maswali. Unajua uko wapi? Huu mwaka gani? Murad akayatia Kibulushi cha pwani, *aap* zote zikiwa *aap*, lahaja ya mamake mtu yule. Mzee akamsikiliza Murad. Akamtazama daktari. Kisha, polepole, akageukia ukuta.

Jamani, uhakika wangu wote chini. Shahida alijifunika uso kwa mtandio. Daktari akasema kwa upole kwamba tupumzike kidogo, na mimi nikamvuta Murad koridoni.

"Lahaja si yenyewe?" nikamuuliza.

"Dada, lahaja ni yenyewe kama chumvi na bahari."

"Sasa tatizo nini?"

Murad akaangalia viatu vyake. "Hajapewa hali."

Nikamwambia salamu amepewa, nimesikia kwa masikio yangu. Akatikisa kichwa. "Salamu ni salamu. Hali ni kitu kingine. Kwetu mgeni akiingia, kabla ya jambo lolote, anatoa hali: ametoka wapi, amepita njia gani, amekutana na nani, mvua imenyesha au haijanyesha, nani amezaliwa, nani amekufa, na mwisho ni heri. Mwenyeji anasikiliza mpaka mwisho, halafu naye anatoa yake. Baada ya hapo ndiyo mnazungumza shughuli. Anayekuvamia na maswali bila hali, huyo ama ni askari, ama anakudharau. Mtu mzima hamjibu."

"Na wewe ulijua hayo, ukanyamaza?"

"Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake, dada. Kanuni ya kazi. Nikisema nisichoambiwa niseme, wananifuta kwenye orodha."

Yule mkalimani wa kwanza wa upande wa Afghanistani bila shaka alijua vilevile, na kanuni ileile ikamfunga mdomo. Kutoka jangwani mpaka mlimani mpaka pwani, maneno yanageuka, hali haigeuki. Na hilo hakuna swali lolote la idara yetu lililowahi kuliuliza.

Tukarudi kwa daktari, Murad akamweleza. Nilitegemea aangalie saa. Hakuangalia. Alivuta kiti akakaa, macho yake sawa na macho ya mzee, akaanza kwa Kiingereza: mimi ni Daktari Raihana, nimekuja kazini asubuhi, nina afya njema. Murad akamkatiza, safari hii kwa neno lake mwenyewe, kanuni na iende zake.

"Siyo hivyo, daktari. Hiyo ni ripoti. Mpe kama ambavyo ungempa bibi yako ukiingia nyumbani kwake."

"Kama bibi yangu," daktari akasema, "basi siwezi kwa Kiingereza."

Akaanza kwa Kimalayalam. Wanangu, nilimsikia huyu daktari dakika chache kabla akizungumza na wauguzi wa kwao, Kimalayalam cha gazeti, kilichopigwa pasi. Sasa kilichomtoka kilikuwa Malabar tupu. Alisema ameamka Ilford kungali giza, akapanda treni ya Elizabeth, njiani *maya*, mvua tele, lakini njia ni salama. Alisema jana alizungumza na mamake, huko kwao mvua imechelewa, visima vimeshuka. Mke wa kakake amejifungua mtoto wa kike. Mjombake amefariki, hakuweza kwenda kuzika. Akasema amekuja kumwona mzee, hana ubaya, na mwisho ni heri.

Mzee Dadkarim alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Hakuelewa neno hata moja la Kimalayalam, lakini kila daktari alipopumua, yeye aliitika kwa koo, *hn*, panapostahili hasa, kama mtu anayefuata njia anayoijua gizani. Miaka yote mimi nilikuwa nazisikiliza lugha hizi mbili, nazipima, nazichora, moja kwenye rafu hii na nyingine kwenye rafu ile. Sikuwahi kuzisikia zikikaa pamoja. Nilitaka kusimama, sijui kwenda wapi.

Daktari akarudia kwa Kiingereza, Murad akatia Kibulushi, mzee akasikiliza tena yote mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo. Maneno yalitoka mazito, moja moja, lakini kila moja lilikaa mahali pake.

Alisema pole kwa mjomba. Alisema Mungu amlee mtoto. Kisha akatoa hali yake. Alikuwa nyumbani kwake Woolwich, amesimama kuzima jiko, mguu ukamkataa. Akaletwa hapa. Watu wa hapa ni wema, chakula hakina chumvi. "Wanakuja mmoja mmoja wananiuliza mwaka," akasema. "Hakuna aliyeniambia ametoka wapi wala ameona nini njiani. Nikasema moyoni, basi nimeshakufa, maana maiti ndiye asiyepewa habari."

Muuguzi mmoja aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji alicheka, kisha akaacha kucheka.

Mzee akamwonyesha Shahida kwa mkono wake mzima. "Na huyu binti yangu anakuja kila siku analia. Mwulizeni hali yake. Mimi lugha yake imenipotea."

Shahida akafuta macho, akasema haraka, "Mimi niko sawa, baba." Nikatia Kiingereza, Murad akatia Kibulushi. Mzee akatikisa kichwa. Murad akanigeukia: "Anasema hali haina 'sawa'. Anasema aanzie alikotoka."

Basi Shahida akatoa hali, kwa Kiswahili cha Mombasa, mimi na Murad tukimfuata nyuma. Alianza na mabasi, zamu ya alfajiri. Lifti ya jengo lao imekufa, wapangaji wameandika barua mpaka wamechoka. Mgongo unamuuma tangu mwaka jana, hajamwambia mtu. Usiku halali, anahesabu ngazi, anajiuliza atampandishaje babake mpaka ghorofa ya tatu, na nani atakaa naye yeye akiwa barabarani. Amewaahidi ndugu wote Mombasa atamtunza. Anaogopa. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, nami nikalitia Kiingereza kwa sauti ileile.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, *hn*, *hn*. Daktari hakumharakisha.

"Nitakwenda kwenye nyumba ya wazee," akasema. "Iwe karibu na Ilford. Na anayeingia chumbani kwangu atoe hali kwanza, hata akiwa ameleta supu."

"La, baba!" Shahida akasimama. "La! Watu watasema nini?"

Nilitafsiri hata hilo. Mzee karibu atabasamu, upande mmoja wa mdomo. "Watu waje watoe hali," akasema, "ndipo waseme."

Daktari Raihana akamuuliza tena kwa njia tatu tofauti, kama kazi yake inavyomtaka: unajua nyumba hiyo ni ya namna gani, unajua unaweza kukataa, unajua binti yako anakutaka kwake? Yote aliyajibu kwa mpangilio, na kwa la mwisho akaongeza, "Najua. Ndiyo maana." Daktari akafunga kalamu yake. Akasema mbele yetu sote kwamba huyu mtu ana akili zake timamu, na neno lake ndilo litakalofuatwa.

Nilimkuta Shahida koridoni karibu na mashine ya kahawa, ameegemea ukuta, mtandio begani. Nikamshika mkono. Nilikuwa na maneno ya kumfariji, ya kikwetu, ya kawaida, lakini aliniwahi.

"Siku zote hizi nimelia nikiomba aongee," akaniambia. "Sasa ameongea, Bi Mwanaidi. Nitamwambiaje nyamaza?"